Kwa nini mtu ang'ang'anie njia ya kuovateki wakati njia ya pembeni iko wazi?

Usukani Wima
Wakuu, salaam.

Naomba tulijadili hili kwa uzito wake, maana linanichosha na naamini linaua watu. Uko kwenye barabara kuu yenye njia tatu kila upande. Njia ya pembeni, ile ya mwendo wa taratibu, iko tupu hadi jicho linapokomea. Njia ya kati kuna gari linakwenda 80. Njia ya kuovateki kuna jingine linakwenda 85, halimpiti mtu yeyote, limetulia tu hapo. Nyuma yao msururu. Wa kwanza anawasha taa kamili, wa pili anachomokea pembeni, wa tatu anamkata wa pili bila indiketa. Vurugu yote hiyo imeletwa na watu wawili ambao ukiwauliza watakuambia wao ni wastaarabu, hawajawahi kuvunja kikomo cha mwendo.

Mtu wa namna hii anawaza nini? Ni kutojua, kiburi, woga au usingizi? Na kama kuna aliyewahi kumbadilisha mmoja wao, aseme alimwambia nini.

Bwana Gia
Kiburi. Tusizunguke. Shemeji yangu anasema waziwazi: "Niko kwenye kikomo, anayetaka kunipita anataka kuvunja sheria, simpishi." Anasema kwa kujivunia kabisa. Amejipa utrafiki bila kuvaa sare.

Binti Mwendo
Bwana Gia, mbona shemeji yako ana hoja? Kikomo kikiwa 110 na mimi niko 110, nimpishe wa 140 kwa lipi?

Kioo cha Nyuma
Binti Mwendo, kwanza hauko 110. Spidomita hutengenezwa isionyeshe kamwe pungufu ya mwendo halisi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inairuhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo wewe unasoma 110, gari huenda liko 103 au 104. Aliye nyuma yako anaweza kuwa yuko ndani ya sheria kabisa na wewe umemzibia.

Pili, hujui amebeba nani. Na hata akiwa mhuni mtupu, mhuni aliye mbele yako anazidi kwenda mbali. Mhuni uliyemweka mgongoni bado uko naye.

Binti Mwendo
Hilo la spidomita nilikuwa silijui. Asante. Hilo la mhuni bado linaniuma, lakini nimekuelewa.

Kibao cha L
Nafundisha udereva, kwa hiyo nitasema kutoka upande wangu. Wengi hawana kiburi, hawakufundishwa. Mwanafunzi anajifunza kuondoka na klachi, kurudi nyuma, kuegesha, kusimama kwenye kivuko. Mtihani unafanyika mitaani. Barabara yenye njia tatu anaiona akiwa tayari na leseni mfukoni, peke yake, kwenye mwendo ambao hajawahi kuugusa. Huyo atafanya nini? Atatafuta njia ya kati kwa sababu hapo haingiliwi na wanaojiunga na barabara upande mmoja, wala hasukumwi na wenye haraka upande wa pili. Anaona ndiyo njia ya watu waangalifu, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Anayetaka kumbadilisha aanze hapo: kila njia isiyo ya pembeni ni ya kupitia. Umemaliza kupita, unarudi. Ukilisema hivyo, watu wengi wanaelewa siku hiyohiyo.

Mama Safari
Kibao cha L umesema langu. Na niongeze woga. Mimi nikiwa njia ya kupita halafu mtu akanisogelea hadi sioni namba yake ya gari kwenye kioo, akawasha fulu, mwili unakufa ganzi. Kuna siku upande wangu wa pembeni kulikuwa na lori refu, nisingeweza kuhama hata kidogo, na huyu nyuma yangu anapiga honi tu. Angetaka nipae? Nilimalizia kulipita lori ndipo nikahama, naye akanipita akinitupia mkono dirishani.

Kwa hiyo tunapowasema wanaoganda njiani, tuwaseme na wanaowagandisha.

Dizeli
Mama Safari pole sana. Hao ndio hatari kuliko wote kwenye uzi huu, na bado hawajaguswa.

Fundi Hesabu
Tuwaguse basi kwa namba. Kwa mwendo wa 110 gari linakula takriban mita 30 na nusu kila sekunde. Mwongozo wa nchi nyingi ni angalau sekunde mbili kutoka kwa aliye mbele yako, barabara ikiwa kavu. Hiyo ni zaidi ya mita 60, na mvua ikinyesha iongezwe maradufu. Anayekukalia mgongoni kwa mita 10 amejiachia theluthi moja ya sekunde. Hakuna binadamu anayeona taa za breki na kuhamisha mguu kwa muda huo, hata awe na macho ya tai.

Kupima ni rahisi: gari la mbele likipita kwenye nguzo, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno.

Kioo cha Nyuma
Wajerumani wana nyingine rahisi zaidi: nusu ya spidomita, kwa mita. Uko 120, acha 60. Uko 100, acha 50. Ukiipima inakaribia zile sekunde mbili.

Bwana Gia
Ujerumani wenyewe si hawana kikomo cha mwendo? Waache wapige hesabu, wameshakuwa wanakimbia 200 kila mahali.

Kioo cha Nyuma
Si kila mahali, mkuu. Sehemu kubwa ya barabara zao kuu haina kikomo cha kudumu, lakini sehemu nyingine zina vikomo, na tangu 1978 mwendo unaopendekezwa ni 130. Malori mazito ni 80. Tena pale ndipo nidhamu ya njia inapokaziwa kuliko nchi nyingi: sharti ukae kulia, na kumpita mtu kwa kulia kumekatazwa, isipokuwa kwenye foleni inayotambaa, na hapo ni kwa mwendo wa juu kidogo tu na tahadhari kubwa. Lazima iwe hivyo. Anayekuja 180 ni lazima ajue gari polepole litakuwa upande gani.

Tairi la Akiba
Hiyo si ya Ujerumani tu, ni sheria ya dunia nzima. Kaa kulia, pita kushoto.

Msomaji Kimya
Tairi la Akiba, ukiifuata hiyo Uingereza au Japani tutakuzika. Kule wanaendesha kushoto, kwa hiyo ni kaa kushoto, pita kulia. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu mwendo barabarani hautaji kulia wala kushoto kwa wote. Unasema dereva akae karibu na ukingo wa upande unaofuatwa na nchi husika, kadiri hali inavyoruhusu. Ndiyo maana mwenye uzi kaandika "njia ya pembeni" na "njia ya kuovateki". Ametusaidia sote.

Tairi la Akiba
Sawa, nimeipata. Ila madereva wanaovuka mpaka wakabadilisha upande nawaheshimu sana. Kichwa kinageukaje?

Trela Ndefu
Kinageuka, ndugu. Barabara kuu ndiyo rahisi, kwa sababu unafuata mkondo. Taabu iko kwenye mzunguko wa kwanza baada ya mpaka na wakati wa kutoka kituo cha mafuta asubuhi, barabara ikiwa tupu na huna wa kumfuata. Na kuovateki ukiwa na usukani upande usio wake ni kubahatisha. Huoni mbele mpaka kichwa chote cha gari kimetoka.

Msomaji Kimya
Kuna nchi nzima zilizogeuka. Sweden ilihamia kulia Septemba 1967, kwa siku moja. Samoa ikafanya kinyume chake Septemba 2009, ikahamia kushoto.

Dizeli
Samoa kwa nini? Si kulia ndiko kwenye nchi nyingi?

Msomaji Kimya
Kwa ajili ya magari. Australia na New Zealand zinaendesha kushoto, na ndiko ndugu zao wengi wanaishi, kwa hiyo magari ya mtumba yenye usukani wa kulia yangeingia kwa bei nafuu.

Usukani Wima
Wakuu turudi barabarani. Trela Ndefu, kwa kuwa uko hapa, nina swali lenu nyinyi wa malori: kwa nini lori linaovateki lori jingine kwa kilomita nzima, wote wawili mwendo mmoja?

Trela Ndefu
Nilijua litakuja. Malori mengi yamefungwa kifaa cha kuzuia mwendo. Ulaya, kwa mfano, yamefungwa yasizidi 90. Kifaa cha huyu kinakata kwenye 90, cha yule 88, kwa sababu havilingani na tairi zimelika tofauti. Nikimfuata wa 88 kutwa nzima napoteza muda ambao naudaiwa. Nina saa za kuendesha kisheria, nina saa ya kushusha mzigo, na anayenisubiri hajali nilikuwa nyuma ya nani. Mkinikuta namaliza kumpita mwenzangu, vumilieni. Mwenzangu akipunguza kidogo tu tunamaliza haraka, na madereva wa zamani walikuwa wanafanya hivyo. Siku hizi hapunguzi.

Fundi Hesabu
Trela Ndefu nakuheshimu, lakini tazama hii. Lori lako mita 16 na nusu, lake vilevile. Weka mita 25 za usalama mbele na nyuma. Unatakiwa kumzidi kwa mita 83. Tofauti yenu ni kilomita 2 kwa saa, sawa na sentimita 56 kwa sekunde. Inakuchukua dakika mbili na nusu. Kwa mwendo wa 90 mtakuwa mmetembea karibu kilomita 4 mmeziba njia mbili. Tofauti ikiwa kilomita 10, ni nusu dakika tu.

Kuna mahakama ya Ujerumani, ya mji wa Hamm, iliwahi kuweka kipimo cha sekunde 45 kwa malori kupitana. Kwa hesabu hii naona walikuwa na busara.

Trela Ndefu
Hesabu zako ni sahihi, sizibishii. Nataka tu ujue kwamba kile kifaa hakiniachii nafasi ya kuchagua mwendo. Mlio na magari madogo mna 30 za ziada chini ya mguu.

Halafu niwape sababu nyingine inayowatoa watu njia ya pembeni, ambayo hakuna aliyeitaja. Njia ya pembeni ndiyo imeharibika. Sisi ndio tunaiharibu. Ina mabonde mawili ya tairi, mvua ikinyesha yanajaa maji, na gari dogo linaelea. Mtu anaona bora akae kati kwenye lami nzima.

Kibao cha L
Hilo ni kweli kabisa na wanafunzi wangu wanalilalamikia. Ukiwa na gari dogo, tairi zako hazilingani na mabonde ya lori, gari linavutwa huku na huku.

Gwaride
Nimesoma uhandisi wa barabara. Majaribio makubwa ya Marekani, jimbo la Illinois, 1958 hadi 1960, yaliyoitwa AASHO, ndiyo yaliyotoa kanuni ya kipeo cha nne: uharibifu wa lami unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, unaharibu kama mara 16. Gari dogo karibu halina mchango. Kwa hiyo njia inayobeba malori yote itaoza kwanza, labda ijengwe nene kuliko wenzake. Hapa mnawalaumu madereva kwa kosa la mchoro na matengenezo.

Bwana Gia
Gwaride, kuna barabara mpya kabisa, lami inang'aa pembeni hadi kati, na watu bado wako njia ya kuovateki wamelala. Hao wanakimbia mabonde gani?

Gwaride
Tabia hujengwa kwenye barabara mbovu, kisha mtu anaihamishia kwenye nzuri. Na pia hakuna anayemkamata.

Dizeli
Hapo ndipo. Kamera inapima mwendo. Haipimi kwamba umekalia njia isiyo yako kutoka asubuhi. Mtu akiadhibiwa kwa kosa moja tu, anajifunza kwamba hilo moja ndilo kosa, mengine ni adabu ya hiari.

Kioo cha Nyuma
Uingereza walijaribu. Agosti 2013 polisi walipewa uwezo wa kutoza faini ya papo hapo ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni kwa uzembe kama huu: kuganda njia ya kati na kumkalia mtu mgongoni.

Dizeli
Na ikaisha?

Kioo cha Nyuma
Haikuisha. Inahitaji askari awepo, aone, na aweze kuthibitisha kwamba njia ya pembeni ilikuwa wazi kwa muda wa kutosha kurudi. Kamera isiyo na mtu nyuma yake hailioni hilo kwa urahisi.

Mpita Njia
Mimi naona mnawapa watu akili kuliko waliyo nayo. Sababu ni kruzi kontroli na simu. Mtu ameweka 100, miguu imepumzika, akili imekwenda. Kuhama njia kunahitaji kuangalia kioo, kugeuza shingo, kuweka indiketa, kurekebisha mwendo. Amechagua njia ambayo hatalazimika kufanya lolote kati ya hayo. Tazameni nyuso zao mnapowapita. Hakuna kiburi pale, hakuna mtu nyumbani.

Mama Safari
Mpita Njia, gari langu halina kruzi kontroli na bado natamani njia ya kati. Sisi waoga tupo, usitufute.

Kibao cha L
Mama Safari, kwa woga wako kuna dawa. Usisubiri ufike mgongoni mwa lori ndipo ufikirie. Amua ukiwa bado mbali, angalia njia ya kupita ikiwa na nafasi ndefu, toka, pita kwa mwendo wa uhakika, na rudi pale unapoliona lori lote kwenye kioo cha ndani. Yule wa taa kamili akikufikia, usiongeze mwendo kumfurahisha na usikanyage breki kumkomoa. Maliza, hama.

Binti Mwendo
Hivi kuna ubaya gani kumpita aliyeganda kwa kupitia njia ya pembeni? Yeye ndiye kanilazimisha.

Fundi Hesabu
Ubaya ni kwamba siku akizinduka atahamia upande huohuo uliopo wewe, kwa sababu ndio upande aliofundishwa kurudi, na hatakuwa amekutafuta kwenye kile kioo. Hakutegemei hapo.

Msomaji Kimya
Sheria nazo hazifanani. Marekani majimbo mengi yanaruhusu kupita upande wowote kwenye barabara yenye njia kadhaa, mradi ni salama. Uingereza mwongozo wao unakataza kupita kwa kushoto, ila kwenye msongamano mnaweza kwenda sambamba na njia yako ikatangulia. Lakini Fundi Hesabu yuko sahihi: popote ulipo, hatari ni kuwa mahali ambapo hakuna anayekutafuta.

Gwaride
Na wale wanaohamahama njia kwenye foleni? Hao nao wanatuchelewesha sote.

Tairi la Akiba
Foleni ya jirani kweli huenda haraka zaidi! Kila nikiwa kwenye foleni nashuhudia.

Fundi Hesabu
Inaonekana hivyo, hata mkienda sawasawa. Watafiti wawili, Redelmeier na Tibshirani, walilionyesha kwenye jarida la Nature, 1999. Foleni ikienda, magari yanatawanyika, wewe unawapita wengi kwa muda mfupi. Ikisimama yanabanana, na wewe unapitwa taratibu kwa muda mrefu. Wastani ni mmoja, lakini muda mwingi zaidi unauishi ukipitwa. Na unaowapita wanabaki nyuma huwaoni tena, wanaokupita wanabaki mbele ya macho yako.

Dizeli
Mkuu hii imenitoa mzigo wa miaka.

Mpita Njia
Kuna Wajapani walizungusha magari kama 40 kwenye duara, wakaambiwa waende mwendo mmoja, na foleni ikatokea hivihivi bila ajali wala kizuizi.

Fundi Hesabu
Ni magari 22, kwenye duara la mita 230, wakiambiwa washike kama 30 kwa saa. Sugiyama na wenzake, 2008. Mmoja alipunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, hadi wa nyuma kabisa wakasimama. Wimbi la kusimama likarudi nyuma kwa takriban kilomita 20 kwa saa huku magari yakisonga mbele. Hapo ndipo ule umbali wa sekunde mbili unapofanya kazi ya pili: aliye na nafasi mbele hahitaji kukanyaga breki kila taa nyekundu ikiwaka, na wimbi linafia kwake.

Bwana Gia
Ukiacha nafasi ya sekunde mbili kwenye foleni, anaingia mtu. Ukiiacha tena, anaingia mwingine.

Kioo cha Nyuma
Aingie. Kila anayeingia amekurudisha nyuma sekunde mbili tu.

Bwana Gia
Hapana mkuu, kwangu hilo haliwezekani. Wakiingia wote wa mbele wasiopanga foleni, sisi tuliopanga tangu mwanzo ni wajinga.

Msomaji Kimya
Inategemea njia inaishaje. Njia moja inapofungwa mbele, Ujerumani sheria yenyewe inataka watu waitumie hadi mwisho kabisa, halafu waingie kwa zamu, mmoja wa huku, mmoja wa kule. Anayekwenda hadi mwisho hajaiba chochote, anaifuata sheria. Wanaohama mapema wanaacha kilomita nzima ya lami haitumiki na msururu unarefuka hadi kuziba makutano ya nyuma.

Bwana Gia
Kwa zamu inahitaji wote wakubali. Mmoja akikataa kupisha, wa pembeni yake analazimisha, na ndio tunagongana.

Taa Kijani
Niliwahi kufanya kazi kwenye ambulensi. Nawasoma kimya tangu mwanzo, lakini hili la kupisha limenigusa.

Watu wengi wanataka kutupisha. Tatizo ni kwamba kila mmoja anapisha kwa namna yake. Huyu anakwenda kulia, yule kushoto, wa tatu anakanyaga breki palepale katikati, anatetemeka. Na pembeni, kwenye njia ya dharura ambayo ingetusaidia, tayari wamejaa wale wanaokwepa foleni. Mgonjwa yuko nyuma yangu, namsikia anavyohema, na mbele yangu kuna magari ambayo kila moja peke yake lina nia njema.

Ujerumani na Austria wana utaratibu: foleni inapoanza tu kutengenezwa, kabla hujasikia king'ora, walio njia ya kupita kabisa wanabana upande wao, wengine wote wanabana upande wa pili, na kati yao panabaki uchochoro. Ujerumani tangu 2017 asiyefanya hivyo anaanzia faini ya euro 200. Neno muhimu ni "kabla". Magari yakishasimama bampa kwa bampa, hakuna tena pa kuhamia hata mkitaka.

Mama Safari
Taa Kijani, asante kwa kutuandikia. Nina swali: kama nimesikia king'ora na tayari nimebanwa mbele na nyuma, nifanye nini?

Taa Kijani
Geuza usukani kuelekea upande unaotaka kwenda hata kama unaweza kusogea nusu mita tu, weka indiketa upande huo, na usogee pole. Aliye nyuma yako akiona indiketa ataelewa uchochoro unafunguka wapi. Na acha nafasi mbele yako unaposimama kwenye foleni: uone tairi za gari la mbele zikigusa lami. Ukiziona, una pa kugeuzia.

Bwana Gia
Hili nitamsomea shemeji. Lakini la kwenda hadi mwisho wa njia iliyofungwa bado sijakubali. Msomaji Kimya, wale wanaopita foleni yote kwa njia ya dharura nao tuwaite wanaingia kwa zamu?

Msomaji Kimya
Hapana. Njia ya dharura si njia ya kusafiria, na alichosema Taa Kijani kinatosha kwa hao. Mimi nazungumzia njia halali yenye kibao kinachosema inaisha baada ya mita 800. Hizo mita 800 ni zako pia, zitumie.

Trela Ndefu
Nikiwa na trela mita 16 siwezi kuhama mita ya mwisho, mkuu. Mimi nikiona nafasi kwenye mita ya 600 nahama. Hapo mtaniita nani?